Uliza saa kwanza, kabureta baadae

(Haya niliongea na madereva na mafundi vijana pale Uyole, Mbeya, Jumamosi moja ya mwezi wa 7. Kijana mmoja alirekodi kwenye simu, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu kikohozi changu.)

Mugonile jamani. Na nyie wa Njombe, Makete na Iringa mliokaa huko nyuma, kamwene. Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba, tukae.

Najua mnaninung'unikia kimoyomoyo, mzee gani anaita watu saa 12 na nusu asubuhi, mwezi wa 7, Uyole, mtu ukiongea mdomo unatoa moshi kama eksozi. Kuna mama yuko hapo mlangoni na chai ya tangawizi, chukueni, nimeshamlipa. Lakini jamani ningewaita saa 6 mchana jua limeshapasha kila kitu ningewafundisha nini? Mchana hapa kila gari inawaka, mchana kila mtu ni fundi. Ile gari mnayoiona pale nje, Land Rover 109 pikapu ya injini ya petroli, imelala hapo tangu jana saa 11 jioni na nimemwambia mlinzi mtu asiiguse. Na imelala imetazama mlima. Hilo la kutazama mlima liwekeni kichwani, tutalirudia.

Mi nimeshika spana zaidi ya miaka 30, na kitu nimekiona ni kwamba hakuna kifaa kinasingiziwa kwenye gari za zamani kama kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini. Gari haiwaki, kabureta. Gari inamisi, kabureta. Inakula mafuta, kabureta. Fundi anafika, salamu hajamaliza, kashatoa bisibisi anafungua kabureta, jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, ziko kwenye kifuniko cha soda, moja inadondoka kwenye majani, basi siku imeisha na gari imekuwa mbovu kuliko ilivyokuja. Sasa leo naomba kabla hujashika bisibisi umuulize mwenye gari kitu kimoja tu, inasumbua saa ngapi? Alfajiri kabla haijawaka kabisa? Au inawaka halafu inazima baada ya muda mfupi? Au inazima njiani kwenye ukungu? Au mchana ikiwa imechemka mlimani? Hayo ni magonjwa tofauti, ila wote wakija gereji wanasema neno moja, inasumbua kuwaka.

Ngoja niwape kisa, na kinanihusu mimi mwenyewe sio mtu mwingine. Miaka ya 1990 nikiwa bado kijana gereji, kuna mzee alikuwa anashusha viazi na pareto kutoka Ilembo kule Umalila, gari yake 109 kama hiyo hapo nje. Viazi vyenyewe vile vya lumbesa, gunia limevaa kofia. Akaniletea gari, asubuhi inawaka vizuri sekunde 10, 15, halafu inazima, na ikishazima haiwaki tena mpaka upige starta betri ife, msukume. Nikafungua kabureta. Nikasafisha, nikaweka gasketi mpya, mchana ikawaka safi, nikapokea hela yangu. Baada ya siku tatu karudi. Nikafungua tena. Wiki ikafuata karudi, nikafungua mara ya tatu na safari hii nikamwambia baba hii kabureta imekufa, tafuta nyingine. Yule mzee alikuwa amekuja na mke wake, mama wa watu kakaa juu ya magunia anasubiri, hajui spana ni nini, akasema hivi, fundi, mbona ikilala pale kwa mkwe wangu inawaka yenyewe? Nikamuuliza kwa mkwe kukoje. Akasema pale inalala imetazama bondeni, nyumbani inalala imetazama mlima.

Nikakaa kimya. Yaani nilisikia aibu mpaka masikioni.

Mmeelewa? Tanki la hiyo pikapu liko chini ya siti, pampu ya mafuta iko kwenye injini huko mbele. Pampu ile ina vivalvu vidogo vya kuzuia mafuta yasirudi. Vikichakaa, au kiungo cha paipu kikivuta hewa, gari ikilala imeinua pua mafuta yote kwenye paipu yanarudi taratibu tankini usiku kucha. Asubuhi kwenye bakuli la kabureta kuna mafuta kidogo yaliyobaki, ndio hayo yanawasha sekunde 10, yakiisha huku nyuma paipu ni tupu, pampu inabidi ivute upya kutoka tankini, na pampu ile inazungushwa na injini ambayo starta inaizungusha pole pole kwa betri ya baridi. Betri inakufa kabla mafuta hayajafika. Ikilala imetazama bondeni tanki linakuwa juu, mafuta hayana pa kukimbilia. Kabureta ilikuwa nzima siku zote tatu nilizoifungua. Nilibadilisha vivalvu na kiwambo cha pampu, na hela ya mara ya pili na ya tatu nikamrudishia yule mzee, sio kwamba nilikuwa mtu mwema sana, yule mama alikuwa ananiangalia.

Sasa tuanze na alfajiri. Gari haijawaka kabisa, inazunguka tu nyau nyau nyau. Kitu cha kwanza hapo ni betri, tena hata sio betri yenyewe, ni vichwa vyake, ule unga mweupe na wa kijani mnaufahamu. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na wakati huohuo oil ya injini imekuwa nzito kama asali, kwa hiyo starta inadaiwa zaidi na inalipwa kidogo. Washa taa kubwa halafu piga starta, taa zikizimika kabisa usitafute mchawi kwenye kabureta. Ukiwa na mita, wakati starta inazunguka betri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Na angalieni ule waya wa negativu unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, wengi mnausahau, umeoza ndani ya mpira wake kwa nje unang'aa. Na kanyaga klachi unapowasha! Gia boksi ya hizi gari ina oil nzito kweli, usipokanyaga klachi starta inazungusha injini na ile asali ya gia boksi pamoja. Kukanyaga klachi hakuna gharama hata senti.

Kama inazunguka vizuri na haiwaki, cheche. Chomoa plagi moja, iweke kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, mtu apige starta. Cheche iwe ya bluu na ilie tak tak. Ikiwa ya njano au nyekundu dhaifu, angalia pointi na kondensa, vile vidude vya kukata umeme ndani ya distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Pointi za hii 109 ziachie nafasi ya milimita 0.35 mpaka 0.40, plagi 0.75 mpaka 0.80, na mpangilio wa waya ni 1-3-4-2, nimeshaona mtu kafuta waya umande kwa nia njema kabisa akazirudisha kwa kubahatisha, gari ikawa inatema moto kwenye kabureta na kabureta ikafunguliwa bure. Kwa watu wa Tukuyu na Isongole, ukungu wenu ule unalowesha kifuniko cha distributa na waya za plagi. Ukitaka kuona, fungua boneti usiku gizani injini ikiwa inaunguruma, utaona cheche zinacheza juu ya waya kama vimulimuli. Kila kimulimuli ni cheche ambayo haikufika kwenye plagi. Dawa ni kitambaa kikavu, na kama kifuniko kina ufa mweusi mwembamba kama unywele, kibadilishe tu, ufa huo haufutiki.

Ndio tunakuja kwenye choki sasa. Petroli ya maji maji haiungui, kinachoungua ni mvuke wake, na kwenye baridi petroli haitaki kugeuka mvuke, inabaki matone matone kwenye kuta za manifodi, lile paipu la kuingiza hewa na petroli kwenye injini. Kwa hiyo choki inaziba hewa ili injini inyonye petroli nyingi zaidi, kwamba katika hiyo nyingi basi kidogo kitakachogeuka mvuke kitoshe. Ni hivyo tu, hakuna uganga. Sasa wewe umevuta kile kitasa kwenye dashibodi mpaka mwisho umeridhika, lakini umewahi kutoka ukaangalia kama kile kipepeo juu ya kabureta kimefunga kweli? Skrubu inayobana waya wa choki inalegea, unavuta kitasa chote huku kipepeo kimefunga nusu, hiyo ndio gari "mbovu ya kabureta" inayopona kwa bisibisi moja na dakika mbili. Muombe mtu avute we uangalie kwa macho yako.

Ukishavuta choki yote, kanyaga ekseleta mara moja uachie, basi. Sio kupampu kama unapuliza mpira wa baiskeli. Kuna watu wanapampu mara 15 halafu wanasema injini imekunywa, imekunywa wewe umeinywesha! Ikishakunywa, ukisikia petroli inanuka, rudisha choki ndani, kanyaga ekseleta mpaka chini kabisa na ushikilie hapo hapo bila kupampu, piga starta sekunde 10 hivi, hewa iingie ikaushe. Pumzisha starta, rudia. Na ikiwaka, choki irudishwe taratibu, nusu ndani ya muda mfupi, yote injini ikipata joto. Hii tabia ya kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa na choki imevutwa kwa sababu "inaenda vizuri" inaosha oil kwenye kuta za silinda, chomoa kijiti cha oil unuse, kikinuka petroli ujue unaiua injini yako taratibu.

Kuna mtu aliniuliza mlangoni kuhusu kumwaga petroli moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Msifanye. Nilikuwa na utingo mmoja, mtoto mzuri mchapakazi, alimwaga kwa kizibo cha chupa dereva akapiga starta kabla hajatoa kichwa, injini ikarudisha moto, nyusi zote zikaenda na nywele za mbele, shukuru Mungu macho yalipona. Na ile ya kuweka jiko la mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oil chini ya injini, asubuhi, nimeona Makete nimeona Njombe, jamani pale juu kuna petroli inavuja sijui wangapi mmejipima na Mungu. Kama unataka joto, maji ya moto kwenye kitambaa, kifunge juu ya manifodi ya kuingizia hewa dakika chache, inatosha. Na usiache gari ikiunguruma kwenye banda umefunga mlango kwa ajili ya baridi, ndani ya ule moshi kuna gesi inayoua na haina hata harufu ya kukuamsha.

Mafuta yenyewe nayo. Petroli iliyokaa kwenye dumu miezi, sehemu yake nyepesi inayowaka haraka imeshapepea, inabaki ile nzito, mchana inawaka alfajiri haiwaki. Na iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni vilevile. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huohuo, ila ukinunua ya chupa kijijini kinasaba utakionea wapi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi itapotea, ikibaki alama ya mafuta kama ya maandazi basi umeuziwa mchanganyiko.

(Hapo kijana mmoja wa Rungwe akanyosha mkono, akasema yake inawaka vizuri asubuhi lakini ikifika Isongole kwenye ukungu inapoteza nguvu na kuzima, wakikaa dakika 10 inawaka kama hakuna kilichotokea, na ameshamwaga tanki zima mara mbili kwa sababu fundi alikuta maji kwenye kabureta.)

Umekaa umesikia? Huyu ndio nilikuwa namsubiri. Mdogo wangu, ile ni barafu. Msicheke. Mnakumbuka zahanati kabla ya sindano nesi anakupaka spiriti, mkono unasikia baridi? Spiriti ikipepea inachukua joto la ngozi yako. Petroli ikigeuka mvuke kwenye koo la kabureta inachukua joto hivyohivyo, pale ndani panaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi chini ya hewa ya nje. Sasa hewa ya Isongole saa 1 asubuhi iko nyuzi 8 au 10 na imejaa unyevu, huo unyevu unaganda kwenye koo, pale pale kwenye kipepeo cha ekseleta, njia inazidi kuwa nyembamba, silensa, yaani ule mngurumo wa injini bila kukanyaga ekseleta, inakufa, gari inazima. Mkikaa dakika 10 joto la injini linapanda linayeyusha barafu, inakuwa matone ya maji, fundi anafungua anakuta maji, anasema petroli ina maji, mnamwaga tanki. Petroli haikuwa na kosa, na kabureta tena haikuwa na kosa.

Niambie, gari yako ina themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto? ... Hana. Mnaona. Nani kaitoa? Fundi, eti gari isichemke. Hii tabia mmeitoa Dar, huko labda mtu atakuelewa, lakini huku kwetu injini isiyo na themostati haipati joto kamili mpaka ufike Kyela! Ule mji wa joto uko chini ya mita 600 na Isongole ni zaidi ya 2,000. Rudisha themostati. Halafu angalia pale manifodi ya hewa na ya eksozi zinapokutana, pameumbwa hivyo makusudi eksozi ipashe ile ya hewa, kama mtu kabadilisha mfumo akazitenganisha basi kakuondolea jiko lako. Na ule mpira wa hewa kutoka eya klina, kichujio cha hewa, usiutoe ukaacha kabureta inanyonya ukungu mtupu kutoka kwenye grili.

Kuhusu eya klina ya hizi 109, ile ya bakuli la oil. Watu wanajaza oil chafu nzito kupita alama, baridi ikiingia inakuwa uji, injini inavuta hewa kupitia uji, moshi mweusi, plagi masizi, na nani anafunguliwa? Haya.

Na mwinuko. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, pungufu ya ile ya pwani karibu moja ya tano, ndio maana hata maharage yenu yanachelewa kuiva. Kabureta haijui kupima hilo, inaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua. Gari iliyotyuniwa Kyela ikapanda huku lazima itoe moshi mweusi kidogo na ilegee, na ukienda Kitulo huko mita 2,600 robo nzima ya hewa haipo. Punguza skrubu ya silensa kidogo, lakini ukishuka bondeni uirudishe. Kama unashinda huku juu moja kwa moja, jeti ndogo kidogo ndio jibu, na jeti inabadilishwa, haizibwi kwa waya wa shaba kama nilivyokuta mahali.

Ile ya mchana mlimani ya mafuta kuchemka kwenye paipu siigusi leo, ni ya joto na leo tuna baridi. Kitambaa kibichi juu ya pampu mnakijua.

Basi ukishapita kote huko na bado, ndio ufungue kabureta, na mimi sijasema haiharibiki. Hii Zenith 36 IV, kabureta ya hiyo 109, ina ugonjwa wake, sura zake, zile nyuso vipande vyake vinapokutana, zinapinda. Inavuja, mtu anakaza skrubu, inapinda zaidi, anakaza tena. Chukua kioo cha dirisha kilichonyooka, weka msasa laini juu yake, sugua ile sura kwa mzunguko taratibu mpaka ing'ae yote sawasawa. Na katikati kuna kampira kadogo ka duara, kakikauka silensa haikai hata ufanye nini, wengi wanakarudisha kalekale kwa sababu ni kadogo. Jeti zipulizwe kwa hewa, sio kuchokonolewa na sindano ya kushonea.

Jua linataka kutoka, tusipoteze baridi yetu, twende nje. Wewe mwenye koti la bluu, njoo ufungue boneti. Ile pale, imetazama mlima tangu jana na vivalvu vya pampu nimeviacha vibovu makusudi. Chini ya pampu kuna kamkono kadogo ka chuma, kashike, ndio kale ka kupampia kwa mkono, watu wengi wanamiliki hii gari miaka 20 hawajui kapo. Pampu. Hakavuti? Basi kamu, ule mhimili ndani ya injini unaosukuma pampu, imekaa vibaya, shukeni na hendeli mzungushe injini kidogo... Hapo. Pampu tena, sikilizeni kwenye kabureta, mnasikia mafuta yanaingia? Endelea, endelea, bakuli likijaa kamkono kanakuwa kepesi kama kamekatika. Kakishakuwa kepesi niambie, mimi nivute choki.